Gitaa la Pasaka

Mteja alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka Iringa, na gitaa lake la nyuzi za nailoni alilitaka kabla ya Pasaka. Sisi tulikuwa Mwanjelwa, Mbeya, mwezi Machi, nguo hazikauki kambani. Kipima unyevu cha karakana kilisoma asilimia 78, nami nikasema kimeharibika.

Fundi hakubishana. Alitia chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, akaidondoshea maji hadi ikalowa tu bila kuyeyuka, akaifungia pamoja na kipima kwenye mfuko usiopitisha hewa. Asubuhi kikasoma 75.

"Chumvi ndivyo inavyotakiwa kusoma," akasema. "Kifaa kizima. Tatizo ni Mbeya."

Uso wa gitaa ulikuwa sprusi ya Ulaya, mbao ya jamii ya misonobari, umepigwa randa hadi milimita 2 na nusu hivi. Ubao huo ukinywa unyevu hutanuka kwa upana, si kwa urefu. Mwalimu alitaka mpangilio wa Antonio de Torres, fundi magitaa wa Uhispania wa karne ya 19: mbavu saba, yaani vijiti vinavyogundishwa ndani ya uso kuutia nguvu, zilizotandazwa kama upepeo, lakini zinazotisha ni zile ndefu zinazokatiza upana. Ukizigundisha ubao ukiwa umevimba, kiangazi ubao unataka kunywea, mbavu zinaukatalia, unapasuka. Na kiangazi cha Iringa, kwa ule upepo, hupasua hata midomo.

Tukachukua kabati kuukuu la vyombo, chini tukawasha balbu ya wati 60, ya zile zinazopata moto, uso na mbavu tukavilaza juu kwenye fito. Hewa ikipashwa moto bila kuongezewa maji, asilimia hushuka. Jiko la mkaa alilipiga marufuku, na alikuwa sahihi: mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua.

Kila asubuhi kabla ya chai alipima kwa rula ya chuma mahali papana kuliko pote. Milimita 372. Halafu 371. Umeme ukikatika usiku, ubao unarudisha nusu milimita, tunaanza tena.

Mwalimu akapiga simu. "Shikamoo mzee, gitaa limefikia wapi?"

"Marahaba. Linakauka."

"Si mbao ilikuja kavu?"

Fundi akacheka tu.

Unyevu wa kabati ulipotulia kwenye asilimia 45 na rula ikawa haisogei tena kwenye 370, akasema, "Leo." Milango tukafunga. Ubavu mmoja mmoja ulitoka kabatini kwa zamu yake. Gundi ina maji, kwa hiyo ziada aliikwangua kwa patasi palepale, tukakaza klempu na kurudisha vyote kwenye joto.

Pasaka ikapita. Mwalimu alikasirika, na nilimwelewa, alikuwa ameshaitangazia kwaya. Gitaa alilichukua Juni. Oktoba akapiga: ufa hakuna, ila nyuzi zimeshuka, zinagonga. Fundi akamwambia atafute kisanduku cha sabuni cha plastiki, akitoboe matundu, atie siponji iliyoloweshwa na kukamuliwa sana, akiweke ndani ya kasha la gitaa.

"Na sabuni je?"

"Sabuni toa, mwalimu."