Kabla hujalipia Vitz ya mkononi, omba kwanza chesisi namba

Mwezi uliopita mdogo wangu kanipigia simu usiku, dada nimepata gari, Vitz ya 2006, mwenye nayo anahama mkoa anataka milioni 7, twende kesho ukaniangalizie. Gari yenyewe kazi yake kubwa ni kumpeleka mama kliniki, na mama yetu akipanda gari lazima akae mbele, huo ndo utaratibu wake toka enzi za baba. Kwaiyo nilivyokuwa naenda kule Tabata kichwani nilikuwa naenda kukagua siti ya mama.

Tumefika saa 1 asubuhi, kabla hata ya salamu kuisha nikaweka kiganja kwenye boneti, ya moto. Dalali anasema aliisogeza kidogo tu kupisha wenzake. Nikamwambia kaka, tutarudi kesho, naomba isiguswe mpaka tufike. Alinuna lakini akakubali. Injini iliyolala usiku kucha ndo inakuonyesha ugonjwa wake, moshi wa kwanza, kelele ya kwanza, misi (injini kukosa moto na kutetemeka), vyote vinatoka hapo kwenye kuwasha, ikishapata moto vingi vinajificha.

Kesho yake injini ilikuwa ya baridi kweli. Nikafungua mfuniko wa oili, ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa ujue maji na oili vimekutana, hapo usibishane na mtu ondoka, huu ulikuwa safi. Kwenye rejeta kulikuwa na maji ya bomba yenye kutu badala ya kulanti, yani maji maalumu ya kupoza injini, nikaandika pembeni. Giaboksi ya Vitz hii ya SCP90 (ndo kodi ya modeli yake) ni CVT, yani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, na ina oili yake ya CVT, kuna mafundi wanaweka ATF, oili ya otomatiki za kawaida, alafu gari inaanza kutetemeka ikiondoka taratibu, kwaiyo tukaizungusha mitaani dakika 20 tena kwenye foleni, sio barabara nyeupe. Ikaenda vizuri. Kila gari ina ugonjwa wake jamani, Premio ya sisi 2000 yenye injini ya D4 inajaa masizi kwenye njia ya hewa, Wish za mwanzo zenye injini ya 1ZZ zinakula oili, ukishajua unayoinunua ina ugonjwa gani unajua pa kuangalia.

Dashibodi ilikuwa inasoma kilomita 86,000. Nikafungua mlango wa dereva, pale kwenye nguzo kuna kistika kidogo cha Kijapani cha kubadilisha oili, kimechakaa kona lakini namba inasomeka, 112,000. Nikamwita mdogo wangu aone kwa macho yake. Hakuna aliyesema kitu, dalali akaangalia simu yake.

Lakini mi kilichonifanya niandike leo ni chesisi namba, yani namba ya utambulisho wa gari. Iko kwenye kadi ya gari na iko kwenye kibati ndani ya boneti, hakikisha zinafanana. Gari zetu za Japani hazina ile namba ya tarakimu 17, zina SCP90, kistari, alafu namba nyingine, ndo maana ukienda kwenye tovuti za Kimarekani inakukatalia watu wanadhani gari haina shida. Ingia tovuti ya Toyota ya Japani, ukurasa wa rikoli, yani gari ambazo kampuni inaziita zirudi kurekebishwa kasoro, iweke simu itafsiri, jaza namba yako. Ni bure. Nikajaza nimesimama palepale, jibu likaja: eabegi (mfuko wa hewa wa kukinga kwenye ajali) ya abiria wa mbele, haijabadilishwa.

Yani nilihisi baridi mgongoni.

Kwa asiyejua, kulikuwa na kampuni ya Japani inaitwa Takata, ilikuwa inawauzia eabegi watengenezaji wengi sana wa magari. Ndani kuna kopo la chuma lenye kemikali ya amoniamu naitreti, gari ikigonga inawaka na kujaza mfuko kufumba na kufumbua. Shida ni kwamba kemikali hiyo ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo linapasuka na vipande vya chuma vinamrukia aliyekaa mbele yake. Watu wamekufa kwenye ajali ambazo wangetoka na michubuko. Marekani walianza na sehemu za joto na unyevu kama Florida na Hawaii, Malaysia pia wamekufa watu. Mwezi wa 5 mwaka 2015 Toyota ikatangaza kuita gari karibu milioni 5 duniani, zikiwemo Corolla na Vitz za kati ya 2003 na 2007, na 2017 Takata yenyewe ikafilisika.

Sasa fikiria hali ya hewa ya Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa. Joto na unyevu mwaka mzima, gari inashinda juani. Na barua ya kuitwa inatumwa kwa mmiliki anayejulikana kule Japani, ambaye gari alishaiuza siku nyingi. Wewe wa Tabata hakuna atakayekugongea mlango.

Angalia na taa ya eabegi. Ukifungua swichi bila kuwasha injini lazima iwake kisha izime baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa huenda kuna mtu ameitoa ili usijue. Lakini hata ikifanya kazi vizuri usitulie, hii ya kwetu ilizima kama kawaida na kopo lake bovu liko ndani. Na fundi akikwambia aling'oe tu atupe, kataa, hicho ni kitu cha kulipuka.

Gari tumeichukua kwa milioni 5 na laki 8, maana injini na bodi ni nzima na tofauti ya kilomita ilitusaidia kwenye bei. Kesho yake mdogo wangu kapeleka chesisi namba kwa wakala wa Toyota, wamethibitisha imo kwenye rikoli na kazi ni bure, wameagiza kifaa. Wakati tunasubiri siti ya mbele haikaliwi na mtu, Toyota wenyewe kule Marekani waliwaambia wateja wao hivyohivyo. Mdogo wangu kaisogeza mbele mpaka mwisho na kuweka boksi la maji juu yake. Mama anakaa nyuma, upande wa dereva, na mkoba wake wa kliniki mapajani, na kila asubuhi akitaka kuingia mkono wake bado unaenda kwanza kwenye mlango wa mbele.