Mabomba mawili ya bafuni kwangu

Jumapili, Leeds, Uingereza. Manyunyu tangu alfajiri.

Sinki la bafuni kwangu lina mabomba mawili. La kushoto hutoa maji ya moto, moto wa kubabua. La kulia ni la baridi, na mwezi wa Januari baridi yake hupenya hadi kwenye mfupa. Ya uvuguvugu hayatoki popote. Kila mgeni aliyewahi kulala hapa nimemsikia kupitia mlangoni: kwanza "aa!", halafu "uwii!", halafu kimya cha mtu anayetafakari. Na mikono yake, najua, inaruka kushoto na kulia kama ya mpiga ngoma.

Nyumba hizi za matofali mekundu, zilizoungana ukuta kwa ukuta, ni za zamani, na nilitaka sana kujua kwa nini ziko hivi. Aliyenieleza ni jirani yangu, bibi aliyezaliwa na kukulia mtaa huuhuu. Alinyoosha kidole juu, darini. Maji baridi, akasema, yalikuja moja kwa moja kutoka bomba kuu la mji, safi ya kunywa. Ya moto yalianzia kwenye tangi la darini, yakashuka kwenda kupashwa. Tangi lenyewe pengine halikufunikwa vizuri, na vumbi, wadudu, hata njiwa aliweza kuishia humo. Basi yakatengwa, ya tangini yasije yakarudi nyuma na kuchafua ya mji. Tena nguvu zake hazikulingana, kwa hiyo hata kuyachanganya ndani ya bomba moja ilikuwa kazi. Siku hizi nyumba nyingi zina boila, mtambo wa kupasha maji, isiyohitaji tangi, na bomba la kuchanganyia linauzwa kila duka la vifaa. Mabomba mawili bado yapo. Tangu siku ile nayatazama kwa heshima.

Bafuni humohumo taa huwashwa kwa kuvuta kamba inayoning'inia kutoka juu. Swichi ukutani hakuna, na soketi ni ile ndogo tu ya mashine ya kunyolea, maana umeme na mikono yenye maji havipatani. Mtoto wa dada alipokuja likizo aliivuta kamba hiyo weee, akingoja kengele ilie.

Lakini kipenzi changu ni beseni la jikoni. Jirani ana sinki zuri la chuma, pana, lenye kila kitu, na ndani ya sinki ameweka beseni la plastiki. Anaosha vyombo kwenye beseni! Nilipoliona mara ya kwanza nilitamani kumkumbatia. Sisi Tanga tuliosha vyombo kwenye beseni uani, bila sinki, na sikutegemea kulikuta limekaa ndani ya sinki huku Kaskazini mwa Uingereza. Anasema vikombe havigongi chuma vikavunjika, na chai iliyobaki unaimwaga pembeni bila kuchafua maji ya povu.

Jana jioni nilimpigia Mama.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Baridi imepungua huko?"

Nikamsimulia habari za mabomba, tangi, njiwa, na kizibo chenye mnyororo kinachoning'inia kwenye sinki. Akasikiliza hadi mwisho.

"Sasa mwanangu, hicho kizibo si ndiyo kazi yake? Ziba, fungulia yote mawili, uzimue."

Kuzimua! Miaka mingapi sijalisikia neno hilo. Nikaiona sufuria ikitoka kwenye jiko la mkaa, maji yake yakimiminwa ndooni, kisha ya baridi juu yake kidogo kidogo, na Mama akichovya kiwiko kabla ya kumwita mdogo wangu aje kuoga. Waliotengeneza sinki hili walikusudia hivyohivyo: lijaze, yakutanie humo, ndipo unawe.

Leo asubuhi nimeziba. Nikafungulia ya moto kwanza, kisha ya baridi, nikachovya kiwiko. Yalikuwa sawasawa kabisa. Nikanawa uso polepole, mvua ikigonga dirishani, nikavuta kamba kuzima taa.