Usiku wa Madodoso Uwanja wa Kisauni

Mwezi wa Agosti 2017 niliajiriwa kwa muda kuwa mdadisi katika utafiti wa wageni wanaoondoka nchini, na kituo nilichopangiwa kilikuwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, ambao sisi wa Unguja tumezoea kuuita uwanja wa Kisauni. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuielezea na ngumu kuifanya. Mgeni akishagongewa muhuri wa kutoka na kuingia katika ukumbi wa kusubiri, mdadisi humwendea, hujitambulisha, humwomba ridhaa, kisha humwuliza anaishi nchi gani, amelala siku ngapi, nani aliyempangia safari, kipi kimempendeza, kipi kirekebishwe na, zaidi ya yote, ametumia fedha kiasi gani na katika mambo gani. Tanzania imekuwa ikiwauliza wageni wake maswali ya namna hii tangu 2001, Bara na Visiwani.

Watu wengi niliowasimulia kazi hiyo walidhani kwamba swali zito ni lile la kero. Mgeni hahitaji kubembelezwa ili alalamike, na wala hahitaji kubembelezwa ili asifu. Swali zito ni la fedha. Hakuna nchi inayoweza kusimama mlangoni na kuhesabu kila dola inayotoka mfukoni mwa mtalii, kwa hiyo hesabu hufanywa kwa njia ya kuzunguka: huchukuliwa idadi ya wageni kutoka Uhamiaji, ikazidishwa kwa wastani wa siku wanazolala, na kwa wastani wa matumizi ya mtu mmoja kwa siku. Jawabu linalopatikana ndilo linaloingia katika urari wa malipo ya nje, yaani hesabu ya fedha zinazoingia na kutoka nchini, likiitwa mapato ya utalii. Mwaka ule wageni walioingia Zanzibar walizidi 400,000. Mtu aliyekisia tu dola mia ili tumwache asinzie, alikuwa akiwasemea maelfu ya wenzake ambao hatukuwahi kuwaona.

Jioni ninayoisimulia, ndege ya kukodi ya Waitaliano iliyotarajiwa kuondoka kabla ya Magharibi ilichelewa. Kwanza ilitangazwa kuwa ingechelewa saa moja, kisha saa mbili, na baada ya hapo matangazo yakaacha kutaja saa. Kwa kawaida tulikuwa na dakika chache sana na kila mgeni kabla ya kuitwa kwenda kupanda, na madodoso mengi, yaani karatasi zetu za maswali, yalirudi yakiwa nusu tupu katika kurasa zile zile tulizozihitaji. Msimamizi wetu, mtu mzima ambaye sote tulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa amefundisha hesabu kabla ya kustaafu, aliutazama ukumbi uliojaa watu waliobabuka kwa jua, wenye mchanga ungali kwenye makubadhi yao, akatwambia: "Leo hamna kisingizio. Watu wapo, viti vipo, na ndege haipo."

Wengi wao walikuwa bado wamevaa mkononi zile bangili za plastiki za hoteli za Kiwengwa na Pwani Mchangani, ambazo humwonyesha mhudumu wa baa kwamba chakula na kinywaji cha huyu kimeshalipwa. Mimi nilikwishajifunza kuzisoma bangili hizo kwa namna yangu: penye bangili, hesabu itakuwa ndefu. Mwenye bangili ni mtu wa pakeji. Amelipa bei moja kwa wakala wa safari huko kwao, na ndani ya bei hiyo mna tikiti ya ndege, kitanda, chakula, gari la kumpokea na faida ya wakala mwenyewe. Sehemu ya ndege ya kigeni na ya wakala haikanyagi Zanzibar hata siku moja. Sehemu ya kitanda na chakula ndiyo inayofika, japo si lazima ifike yote. Ukiiandika bei nzima kuwa mapato yetu umeitajirisha nchi kwa kalamu, na ukiandika zile fedha za mfukoni tu umeifukarisha kwa kalamu hiyo hiyo.

Nilikaa na mume na mke wa makamo kutoka Bologna. Kiitaliano changu kilikuwa cha kuokoteza na Kiingereza chao vivyo hivyo, lakini tulielewana. Mume alijibu bila kuinua macho: euro elfu tatu. Mkewe alicheka, akafungua mkoba, akatoa bahasha iliyokuwa na ankara ya wakala, imekunjwa mara nne. Ilisomeka euro 3,940 kwa watu wawili, jumla moja iliyo kavu, bila mchanganuo wowote. Dodoso lilitaka tikiti iandikwe mbali, malazi mbali, chakula mbali. Katika siku ya kawaida ningeandika jumla ile, nikaweka alama ya kutojua katika mistari mingine yote, na kuondoka.

Siku ile tulikuwa na saa nzima mbele yetu. Kanuni ilimkataza mdadisi kumjibia mhojiwa, nami niliiheshimu kwa kunyamaza, lakini hakuna kanuni iliyomkataza mhojiwa kumwuliza jirani yake. Mke aligeuka akamwuliza kijana aliyekaa nyuma yao, ambaye alikuwa amenunua kiti tu katika ndege ile ile na kulala nyumba ya wageni Paje. Kijana akataja nauli aliyolipa. Mume, ambaye sasa alikuwa ameamka kweli kweli, alichukua kalamu yangu, akaizidisha nauli kwa mbili pembeni mwa ankara, akaitoa kwenye jumla, akabaki anaikodolea macho tarakimu iliyosalia. Akasema kwamba kumbe hoteli ilikuwa rahisi. Mkewe akasema kumbe ndege ndiyo ghali. Watu wa viti vya karibu walianza nao kutafuta ankara zao kwenye simu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile nilipata wageni wa pakeji wanaobishana juu ya jambo ambalo huwa tunawaomba walikumbuke nao hawalitaki.

Fedha za mfukoni zilikuwa na hadithi yake. Mume alitaja mchoro wa tingatinga, kahawa za Mji Mkongwe, na bakhshishi kwa mpishi. Mke alipofika kwenye mstari wa ziara alipunguza sauti. Walikuwa wamekwenda Kizimkazi kutazama pomboo, wakaenda Jozani kuwaona kima punju, na kwenye mashamba ya viungo, na ziara zote hizo walizinunua ufukweni kwa papasi mmoja, yaani kijana anayewafuata wageni kuwauzia ziara, aliyejiita jina la mchezaji mpira wa kwao. Hoteli iliwashauri wasinunue kitu nje ya lango. Papasi aliwatoza kama nusu ya bei ya hoteli, akaja kuwachukua kwa wakati, na akawaleta salama. Tulipofika ukurasa wa kero, mke yule yule aliandika kwa mkono wake kwamba mapapasi ni wasumbufu na serikali iwaondoe ufukweni.

Sikumwuliza lolote. Nimeona majibu ya aina hiyo mara nyingi, na sidhani kuwa mtu anayeyatoa ni mnafiki. Papasi wa kumi anayekufuata ukiwa umelala juani anakera, hata kama papasi wa kwanza ndiye aliyekupa siku nzuri kuliko zote. Lakini anayesoma ukurasa wa kero peke yake atafikia uamuzi mmoja, na anayesoma ukurasa wa matumizi atafikia mwingine, kwa sababu fedha ya papasi ndiyo inayomlipa mwenye gari wa kijijini, mwenye ngalawa, na mama anayepika wali wa pweza kwa ajili ya wageni wake. Katika mistari yote ya dodoso lile, mstari wa ziara ndio nilioamini zaidi tarakimu zake, maana watu walizitoa kwa mkono wao na kuzikumbuka.

Jirani yao mmoja, bwana mrefu aliyekwisha kukata tamaa ya kuondoka usiku ule, alinijazia ukurasa mzima juu ya bahari. Alilipia chumba kinachotazama bahari, akaandika, na kila siku asubuhi alipomaliza kunywa chai bahari ilikuwa haipo, imebaki miamba, majani, na wanawake wanaotembea kuelekea upeo wa macho. Alitaka kujua ni nani anayehusika. Mtoto yeyote wa pwani ya mashariki angemjibu kwamba siku za bamvua, maji yanapojaa na kukauka kuliko kawaida, hujaa kama saa kumi na hukauka kama saa nne, na kwamba wale wanawake walikuwa wakienda kwenye mwani wao, ambao hulimwa wakati huo huo maji yanapokauka. Angeweza pia kumwambia kwamba Agosti ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini, na kusi husukuma majani mpaka mlangoni. Nilitamani kumweleza, lakini kazi yangu ilikuwa kuandika.

Wakati huo abiria wa Muscat walikwisha kuanza kuingia ukumbini. Miongoni mwao alikuwapo bibi mmoja aliyevaa buibui, pasipoti ya Oman mkononi, akinitazama tangu nilipokuwa kwa yule bwana wa bahari. Nilimwendea nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu," akasema. "Hiyo karatasi yenu mnawauliza Wazungu tu?"

Nilimwambia kwamba tunamwuliza kila anayeishi nje, aliyekaa hapa chini ya miezi kumi na miwili na ambaye hakuja kuajiriwa. Akasema basi yeye yumo. Alikuwa amezaliwa Unguja mjini, akaondoka akiwa msichana katika miaka iliyofuata 1964, na safari hii alikuja kwenye hitma ya dada yake. Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Kisha likaja lile linaloulizwa kila mgeni, nami nilikuwa nimeshalisoma kabla sijafikiri ninamsomea nani: je, hii ndiyo safari yako ya kwanza kuja Zanzibar?

"Ya kwanza nililetwa na mkunga," akajibu. "Andika."

Niliweka alama kwenye hapana. Tulipofika kwenye matumizi alinishangaza zaidi kuliko wote niliowahoji usiku ule. Malazi hakulipa kitu, alilala kwa mdogo wake Miembeni. Chakula nacho hakulipa. Aliniuliza kama kula kwa ndugu kuna bei. Baada ya hapo alianza kuhesabu kwa vidole, kwa shilingi, bila karatasi wala simu: ng'ombe wa hitma, mchele, sukari, mafuta, mabati na misumari ya kuezekea upya nyumba ya mdogo wake, fundi, na bahasha za watoto wa ndugu, kila mtoto na kiasi chake. Jumla ilipita shilingi milioni tatu, wakati dola moja ilikuwa juu kidogo ya shilingi 2,200. Ilizidi kwa mbali fedha ambazo mume na mke wa Bologna walizitoa mifukoni mwao kwa likizo yao yote. Kila kitu isipokuwa fundi na bahasha kilinunuliwa dukani au sokoni, kwa wafanyabiashara wa hapa hapa. Dodoso lilikuwa na mistari ya hoteli, ya kupiga mbizi, ya vinyago na ya kuingia mbugani. Bibi yule niliweza kumweka mahali pamoja tu, kwenye mstari wa mwisho ulioandikwa mengineyo.

Mwishoni aliniuliza pa kuandika kisichopendeza pako wapi. Nikamwonyesha. Alisema macho yake hayaoni vizuri usiku, basi nimwandikie kama anavyosema: "Andika kwamba siku ya kuingia nilisimama foleni ya wageni." Nikaandika hivyo hivyo, neno kwa neno, akaninyang'anya kibao ahakikishe, akanirudishia.

Ndege zote mbili ziliondoka, ya Muscat kwanza. Tulikaa na Mwalimu kukagua madodoso kabla ya kufungwa kwenye bahasha. Alipofika kwenye la bibi alilisukuma upande wangu. "Malazi sifuri, chakula sifuri, mengineyo milioni tatu. Huyu kanunua boti?"

Nilimsomea orodha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaigawa haraka, kama mtu aliyewahi kukutana na kesi hiyo. Kitu ambacho mgeni amekinunua hapa ni matumizi yake hata kama amekitoa zawadi, kwa hiyo ng'ombe, mchele na mabati vinahesabiwa. Ujira wa fundi pia, kwa kuwa ni huduma aliyoilipia mwenyewe. Fedha taslimu za bahasha si matumizi ya safari, ni msaada kwa ndugu, na huingia katika hesabu nyingine ya malipo ya nje. Tulizitoa. Nashukuru kwamba bibi alikuwa ametaja kila kitu mbali mbali, maana Waitaliano wangetupa jumla na tusingejua tukate wapi.

Lililobaki ni ile sentensi ya foleni. Maoni yote yalipaswa kupewa namba kutoka katika orodha iliyochapishwa: usafi, barabara, umeme, mapapasi, huduma za hoteli, huduma za uwanja wa ndege, na nyinginezo za namna hiyo. Mwalimu aliipa namba ya huduma za uwanja wa ndege. Nilimwambia kwamba bibi hakulalamikia urefu wa foleni. Alinijibu kwamba anajua alichokilalamikia, akanigeuzia orodha, akaniambia nichague mimi. Niliipitia yote na sikupata namba iliyofaa zaidi, kwa hiyo ikabaki yake. Kisha akachukua dodoso lililofuata, la yule bwana aliyelipia bahari asiione, akalisoma kwa utulivu wote, na kuliandikia upungufu wa taarifa kwa wageni. Hilo nilikubaliana naye bila ubishi.