Ngoma za kuweka kwenye StepMania: benga, rumba na amapiano

Wengi wakishaweka StepMania, mchezo wa kukanyaga mishale kwenye mkeka kwa kufuata muziki, kwenye laptopu humwaga ngoma zote wanazozipenda ndani ya folda ya Songs. Wakikanyaga mkeka, mishale na muziki vinaachana katikati ya wimbo, na lawama zinaenda kwa mkeka. Mara nyingi shida ni ngoma yenyewe.

Gengetone na amapiano hutengenezwa kwenye kompyuta, kwa hiyo BPM (mapigo kwa dakika) moja inashika mwanzo hadi mwisho. Amapiano nyingi zinacheza karibu na 112. Benga za zamani ni shughuli nyingine kabisa. Bendi ilirekodi pamoja, mpiga drum hakuwa na mashine ya kumshikia mwendo, na gitaa likichangamka kasi inapanda. Ukiandika BPM moja, dakika ya kwanza inakaa sawa, ya pili mishale inachelewa. Fungua edita ya StepMania, sikiliza vipande vifupi vifupi, na pale mdundo unapokimbia ongeza BPM kidogo, hata 0.5. Kazi inachosha, lakini benga ikishakaa sawa hakuna ngoma tamu kuikanyaga kama hiyo.

Rumba ya Kikongo inasumbua kwa urefu. Kwa mipangilio ya kawaida ya StepMania zamu ya mchezaji ni raundi tatu. Wimbo unaozidi sekunde 150 unahesabiwa raundi mbili, ukizidi 300 unazila zote tatu. Wimbo wa dakika nane basi unamaliza zamu ya mtu, na nusu yake ni kuimba taratibu. Ufungue kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, tafuta sebene (sehemu ya gitaa la kuchezesha) inapoingia, kata kwenye pigo la kwanza, bakisha kama dakika moja na nusu, kisha fifisha sauti sekunde nne za mwisho. Hifadhi kwa OGG, maana MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni na kuvuruga OFFSET, namba inayolinganisha mishale na mwanzo wa muziki. SAMPLESTART, yaani pale kionjo cha wimbo kinapoanzia kwenye orodha, iweke gitaa linapowaka, kwa sababu watu huchagua kwa sikio.

Kabla ya kugusa OFFSET, acha spika ya Bluetooth utumie ya waya. Bluetooth huchelewesha sauti, na utajikuta unarekebisha wimbo usio na kosa.

Kwa wanaokaa ghorofani, mitaa ya Nairobi kama Pipeline au Umoja, washa chaguo la NoJumps usiku. Inaondoa miruko ya miguu miwili, na jirani wa chini analala.