Dume au Jike

Alilipasua tunda kwa vidole gumba, hakutafuta kisu. Papo hapo nikajua kuwa dada huyu kazi ameianzia shambani. Tunda lenyewe, la kungumanga, lilikuwa limeshajichana mtini, kama yanavyofanya yote yakiiva, na ndani yake kokwa jeusi linang'ara, limevikwa wavu mwekundu wa basbasi. Mama hakungoja apewe. Alilichukua, akalinusa, akafumba macho, akasema kwa Kiswahili kana kwamba gari zima linakijua: "Hii ya kwetu."

"Anasemaje?" dada yule akaniuliza.

Nikamfasiria. Akacheka hadi akashika mlango wa gari. "Mwambie Mama, hii ya kwetu."

Tulikuwa Grenada, nje kidogo ya Gouyave, mji wa wavuvi ulio pwani ya magharibi. Ilikuwa Februari 2025, katikati ya wiki moja ya kuzunguka visiwa vya Karibi kwa meli ya kitalii iliyotupakia Bridgetown, Barbados. Mama ana miaka sabini na miwili. Tangu tuhamie Toronto alikuwa haachi kusema kuwa anataka kutia miguu tena katika bahari yenye joto kabla Mungu hajamwita, na Zanzibar kwa mwaka ule haikuwezekana.

Mie nimekula mkate wa utalii. Miaka tisa niliwatembeza wageni katika mashamba ya viungo Kizimbani na Kindichi. Nimewapaka midomo mzingifuri, nimewanusisha mchaichai wamefumba macho, nimewasukia kofia na tai za makuti. Kungumanga nimezipasua mbele ya watu wa kila taifa. Kwa hiyo kila bandari tuliyoshuka, wenzangu walitazama mandhari, mie nikimtazama anayeonyesha.

Saint Lucia tulinunua matembezi ya melini, kwa ajili ya magoti ya Mama, na kwa hofu ambayo kila abiria wa mara ya kwanza anayo: ukitoka na basi la meli likachelewa, meli inakungoja, ukitoka na mtu wako wa nje ukachelewa, utaiona ikichoma maji kuondoka. Tukabandikwa namba vifuani, tukapangwa mstari, tukaingizwa basini kama watu arobaini. Kijana aliyetuongoza alikuwa na sauti nzuri na maneno aliyoyahifadhi. Katika mji wa Castries basi lilipita kando ya uwanja wa Derek Walcott bila kupunguza mwendo wala yeye kusema neno. Kisiwa kile kidogo kimetoa washindi wawili wa Nobel, Arthur Lewis wa uchumi mwaka 1979 na Walcott wa fasihi mwaka 1992, na sisi Wazanzibari, ambao tulishangilia mitaani na mitandaoni Abdulrazak Gurnah alipoipata mwaka 2021, tungeshuka hata kwa dakika tano kusimama pale. Tulifika Soufrière, tukanusa moshi wa chemchemi za salfa, tukapiga picha vilele vya Pitons, tukarudi.

Simlaumu yule kijana. Na mie nimewahi kupewa watu arobaini na saa moja na nusu. Ukipewa hivyo huongozi tena, unachunga.

Usiku Mama alivua viatu kitandani akaniuliza, "Leo tumezungumza na nani?" Sikuwa na jibu. Tukakubaliana kuwa bandari zilizobaki tutatoka nje ya geti wenyewe.

Dominica tulimpata mzee mmoja bandarini Roseau, ana kitambulisho cha leseni shingoni na gari lililooshwa mpaka matairi. Tulikubaliana bei ya gari zima kabla ya kupanda, na jambo hilo nalisisitiza kwa yeyote atakayekwenda: bei ya gari, si ya kichwa, na itajwe ni ya dola gani, kwa sababu huko kuna dola ya Marekani na dola ya Karibi Mashariki, na tofauti yake si ndogo. Alitupeleka upande wa pili wa kisiwa, katika Eneo la Wakalinago, ekari 3,700 walizotengewa mwaka 1903 wazawa wa visiwa hivi, wale ambao Wazungu waliwaita Wakaribi na bahari nzima ikaitwa kwa jina lao. Njia nzima ni kona na mito. Mzee alituonyesha miti mirefu iliyobaki vigogo, matawi yamekwenda na kimbunga Maria cha Septemba 2017. Alisema asubuhi ile alipofungua mlango milima ilikuwa ya kahawia, hakuna jani hata moja, na yeye aliyezaliwa pale alipotea njia ya nyumbani kwa dada yake.

Kule juu tulimkuta mama mmoja akioka mkate wa muhogo juu ya bamba la chuma. Mama yangu alikaa naye kwenye benchi akaomba mbuzi ya kukunia, akakuna. Nikamweleza kuwa muhogo umetoka Amerika, kwamba wazee wa watu hawa waliupanda na kuula karne nyingi kabla Wareno hawajauvusha bahari kuuleta Afrika. Mama aliacha kukuna. Ameulea ukoo mzima kwa muhogo wa nazi na hakuwahi kuwaza kuwa una wenyewe. "Mwambie ahsante," akasema. "Mwambie ni ahsante ya siku nyingi."

Kwa hiyo tulipofika Grenada tulikuwa tumeshajifunza. Dada wa Gouyave nilimpata kupitia rafiki wa kazini, tukaandikiana kwa WhatsApp wiki tatu kabla ya safari. Swali lake la kwanza halikuwa la pesa. Aliuliza: mama yako anatembea vipi, na mnakula nini? Nikamjibu kuwa sisi Waislamu, nguruwe hatuli. Akaandika, "Sawa, nitamwambia shangazi."

Alitungoja nje ya kituo cha meli cha St. George's saa mbili na nusu asubuhi, amevaa fulana nyekundu. Nchi nzima ilikuwa imevaa hivyo. Uhuru wao ni tarehe 7 Februari, na watu walikuwa wamepaka mawe ya kando ya barabara nyekundu, manjano na kijani. Bendera yao ina kungumanga imechorwa upande wa mlingoti. Mama aliitazama kwa muda mrefu. Kiungo kuwekwa katika bendera ya taifa ni jambo analolielewa mtu aliyeanika karafuu utotoni.

Kituo cha Gouyave ni cha ushirika wa wakulima wa kungumanga, ulioanzishwa mwaka 1947. Ni jengo kubwa la mbao, na harufu inakupokea kabla ya mlango. Kokwa hukaushwa wiki kadhaa juu ya trei, zikigeuzwageuzwa, kisha huvunjwa maganda na kutiwa majini: zinazozama ni nzito, ndizo za daraja la juu, zinazoelea hutengwa. Akina mama wamekaa wanachambua kwa mikono, na magunia yamepigwa chapa za miji ya mbali. Nje, maganda yaliyovunjwa yamemwagwa njiani kama kokoto, yanalia chini ya viatu. Kwetu Kizimbani, nyama ya tunda lile tulikuwa tukiitupa. Wao wanaipika jamu na sharubati. Mama alipoonjeshwa kwa kijiko alinigeukia kwa uchungu wa kweli: "Miaka yote ile mlikuwa mnatupa hii?"

Tukapanda juu mpaka kwenye shamba la ukoo wa dada huyo. Hapo ndipo alipolipasua lile tunda, na hapo ndipo alipoanza kusema mambo ambayo kijana wa Saint Lucia hakuwa na nafasi ya kuyasema.

Kabla ya mwaka 2004, alisema, Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga, nyuma ya Indonesia tu. Tarehe 7 Septemba mwaka ule kimbunga Ivan kikapita. Babake alikuwa na mikungumanga ya tangu enzi ya babu yake. Kwa alasiri moja ikalala yote, mizizi juu. Mwaka uliofuata, watu hawajamaliza kuezeka mapaa, kikaja Emily. Na mkungumanga si mchicha. Unaupanda, unaungoja miaka sita, saba, ndipo utoe maua ukujulishe kama ni dume au jike. Dume halizai. Mzee aliyekuwa na miaka sabini Ivan ilipopiga alifanya hesabu hiyo akakaa chini. Wengine waligeukia kakao. Babake alipanda, akafariki kabla miche haijatoa ua.

Nikamwambia: kwetu pia. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikang'oa mikarafuu kwa maelfu. Pemba ikasalimika, na ndiyo maana mpaka leo ukisema karafuu umesema Pemba. Alinitazama kwa namna nyingine kabisa, kama tumegundua kuwa babu zetu walisoma darasa moja.

Kisha akasema, kwa utaratibu tu, huku akibandua basbasi: "Hapa miwa ililimwa na watumwa. Kakao, kahawa, ni wao. Lakini watumwa walikuwa huru kamili mwaka 1838, na kungumanga ililetwa mwaka 1843. Hii peke yake haikupandwa na mtumwa. Ndiyo maana naipenda."

Nilinyamaza. Mikarafuu ya kwetu ilipandwa na kuchumwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Zanzibar mpaka mwaka 1897. Kizimbani yenyewe, nilikosimama miaka tisa, ni miongoni mwa mashamba ya kwanza kabisa ya karafuu Unguja. Kila siku niliwaeleza wageni karafuu inatibu jino gani na inaingia katika pilau ipi. Nani aliyechimba mashimo ile ya kwanza ilipopandwa, sikuwaambia hata mara moja. Nilijiambia kuwa wageni wamekuja kupumzika, na ya utumwa watayasikia Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa. Mbele ya dada huyu sababu hiyo sikuweza hata kuitamka. Nikamweleza ukweli, na yeye hakunihukumu, alitikisa kichwa akasema hata yeye alianza kwa kuonyesha maporomoko ya maji tu; wageni wazee wa Kigrenada waliorudi kutoka Uingereza ndio waliomuuliza mpaka akaenda kusoma.

Chakula kilikuwa kwa shangazi yake, sufuria moja kubwa uani. Wanakiita oil down: mashelisheli, majani ya majimbi, vidonge vya unga, manjano, tui la nazi, vyote vimepangwa na kupikwa hadi tui likauke na mafuta yabaki chini. Desturi yao hutia mkia wa nguruwe wa chumvi. Shangazi alitia samaki wa chumvi, na sufuria aliiazima mpya kwa jirani ili Mama asiwe na wasiwasi. Mama alipoambiwa habari ya sufuria alilia kidogo. Akala shelisheli la nazi, chakula ambacho Toronto amekitafuta miaka kumi na moja. Adhuhuri ilipoingia alitandika mtandio barazani akasali, na watoto waliokuwa wakifungulia redio wakaizima bila kuambiwa.

Kurudi, dada alikuwa na jicho moja barabarani na moja kwenye saa. Mwisho wa kupanda melini ulikuwa saa kumi na nusu, naye alikuwa amepanga kutufikisha saa kumi kasoro. Dakika za ziada alizitumia kutuzungusha bandari ya Carenage na kutuonyesha Fort George kule juu. Alikuwa mtoto wa miaka tisa, 19 Oktoba 1983, Maurice Bishop, waziri mkuu aliyepinduliwa, alipouawa ndani ya ngome ile pamoja na wenzake. Zikafuata siku nne za amri ya kutotoka nje mchana na usiku, mama yake akiwalaza chini ya kitanda, na tarehe 25 wanajeshi wa Marekani wakaingia. Mwili wa Bishop haujapatikana mpaka leo. Uwanja wa ndege aliouanzisha kwa msaada wa Wakuba unaitwa kwa jina lake tangu mwaka 2009. Aliyasema hayo akiendesha polepole, hakuongeza sauti wala hakutafuta machozi yetu. Kazi ile naijua, na najua inavyochosha.

Getini nilimlipa. Bei ya tikiti mbili za matembezi ya melini ililipa gari, chakula cha shangazi na chupa nne za jamu, na pesa yote ikabaki Gouyave. Mama alikuwa bado ameshika tunda lake. Matunda mabichi hayaruhusiwi kupandishwa melini, nikamwambia alirudishe. Alibandua basbasi, akaifunga katika leso, na kokwa akamwekea dada kiganjani, akakifunga kwa mikono yake miwili.

"Mwambie alipande hili. Liwe la kwangu."

Nikafasiri. Dada akasema atalipanda jioni ile ile, karibu na jiko la shangazi.

Mama akatoka hatua mbili, akarudi. "Muulize, dume au jike?"

"Mwambie Mama aje baada ya miaka saba," akasema, "tuliangalie pamoja."