Nilivyokusanya majina ya mahali katika vigongo vya Dagoretti na Kikuyu

Sisi wapenda historia wachache wa hapa Nairobi tulikusudia kuchora ramani ya eneo la Dagoretti na Kikuyu lilivyokuwa kabla ya mwaka 1954, na mimi nikakabidhiwa majina. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilianza kuwahamishia watu katika vijiji vyenye ulinzi, kisha mashamba yakaunganishwa na kupewa nambari, hata makonde mengi yakabaki na majina vinywani mwa wazee tu.

Utaratibu niliuazima Ireland, ambako upimaji wa ramani ulioanza mwaka 1824 uliacha madaftari yenye kila jina kwa tahajia zake mbalimbali pamoja na chanzo cha kila tahajia. John O'Donovan, aliyejiunga na kazi hiyo mwaka 1830, alizunguka mashambani akiwasikiliza wenyeji kabla ya kupendekeza tahajia ya kuchapishwa. Nami nilipiga mistari ya safu: jina linavyotamkwa, linavyoandikwa kwenye ramani, aliyelitaja, na mahali penyewe kwa vipimo vya simu. Alama za ĩ na ũ, ambazo ramani nyingi huziacha, nilizihifadhi, kwa kuwa lugha ya Kikuyu ina irabu saba.

Ugumu ulikuwa katika kuuliza. Wazee walipofunuliwa ramani waliitazama kwa adabu, wakanyamaza. Nikaikunja, nikaanza na maji, kwa sababu vigongo vya huku hutenganishwa na vijito: "Guka (babu), zamani mkienda mtoni mlipitia wapi?" Mzee mmoja alichora kijito mchangani kwa bakora yake, akaweka kijiwe kila penye kivuko, akitaja jina baada ya jina. Mkewe, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, akamkatiza: hicho ni kivuko cha wachungaji, cha wanawake kiko chini zaidi na kina jina lake. Niliandika vyote viwili, na tangu siku hiyo nikawa naanza na akina shosho, yaani mabibi, kwani ndio waliobeba maji.

Familia mbili zilipotofautiana kuhusu jina la kigongo kimoja, sikuchagua. Niliandika majina yote na wasemaji wake, nikawaeleza waziwazi kwamba daftari hili si ushahidi wa shamba, kisha nikawasomea kila kilichoandikwa kabla ya kuaga.