Nilivyoupima mto unaokula shamba letu

Kila nilipofika Moshi, mama alikuwa na neno moja: "Mwanangu, mto unakula shamba." Shamba letu liko kusini ya mji, pale mto Rau unapomaliza miteremko ya Kilimanjaro na kuanza kujipinda kwenye tambarare. Nami nilimjibu kwamba masika yalikuwa makali tu. Mwaka 2022 nikakuta ule mkuyu wa babu umelala majini, mizizi juu. Siku hiyo nilianza kupima.

Droni sikuwa nayo, na kuirusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Nilikuwa na kompyuta na bando. Picha za setilaiti ya Sentinel-2 ni za bure, lakini nukta yake moja inafunika mita 10 kwa 10 za ardhi, na ile ya setilaiti ya Landsat mita 30 kwa 30. Kwa kijito kama chetu, ukingo wote unapotelea ndani ya nukta moja. Nikahamia Google Earth Pro, ambayo nayo hailipiwi. Ina kitufe cha kurudisha picha za miaka ya nyuma, na kwetu zinaonyesha mpaka mgomba mmojammoja.

Nikachora mstari wa ukingo kwenye picha ya zamani, kisha kwenye mpya, nikaipeleka yote miwili QGIS, programu ya bure ya ramani. Nikaona kingo zote mbili zimesogea mashariki karibu mita nne. Nilishtuka, hadi nilipotazama kanisa la jirani: nalo limesogea mashariki mita nne! Kanisa halihami. Picha zenyewe ndizo hazikukaa sawasawa juu ya ardhi.

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapodanganyika. Nilichagua vitu visivyohama: kona za paa la kanisa, karavati, nyumba mbili za matofali. Nikapima kila kimoja kimepotoka kiasi gani, nikairudisha picha nyuma kwa kiasi hicho. Hata baada ya hapo ilibaki tofauti ya mita moja na nusu hivi. Kwa hiyo badiliko lolote chini ya mita mbili sikulihesabu kuwa mmomonyoko, hata pale ambapo mama aliapa ameliona. Nilichukua picha za kiangazi peke yake, nikafuata mdomo wa ukingo badala ya maji, maana maji ya Mei na ya Septemba hayalingani. Penye miti iliyofunika mto sikuchora kitu.

Mstari mpya ulitulia. Sehemu zilizonyooka hazikusogea. Kwenye kona, upande wetu, ukingo ulikuwa umerudi nyuma mita tisa, na upande wa pili mchanga ulikuwa umejaa karibu kiasi hichohicho. Kwenye kona maji hukimbia zaidi upande wa nje, yanachimba huko, kisha yanautua mchanga upande wa ndani ambako yanakwenda polepole.

Kwa nyumba yetu jambo hili lilikuwa kubwa. Miaka yote mama aliamini jirani wa ng'ambo anasogeza mpaka. Nilimwalika mzee huyo nyumbani, nikawawekea picha mbili mezani. Alizitazama muda mrefu, akasema, "Mama, ardhi yako mimi sikuigusa. Mto ndio umeniletea."

Picha ya zamani ilionyesha jambo lingine lililotuuma: kwenye ile kona palikuwa na matete, nasi ndio tuliofyeka tukapanda migomba hadi mdomoni. Mizizi ya mgomba ni mifupi, haishiki ukingo mrefu. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 za kando ya mto zilindwe.

Baadaye nilichomeka nondo kumi kwa ulalo kwenye ukingo, zikazama zote, ili udongo ukianguka zitokeze nje nami nipime. Zilinifundisha kitu ambacho picha haisemi: udongo mwingi hauanguki mafuriko yakiwa yamejaa. Huanguka siku moja au mbili baadaye, maji yakishuka, ukingo ukiwa mzito kwa kulowa na hauna tena maji ya kuuegemeza.

Mama alikubali kutoa mistari mitano ya migomba. Tulipanda matete na mianzi kwa msaragambo, jirani naye akaja na vijana wake. Baada ya masika yaliyofuata nilirudi na tepu. Nondo tatu za mwisho wa kona zilikuwa nje kwa urefu wa kiganja. Saba zilikuwa bado zimezama zote.